Kolwezi: Sauti ya Mwanamke Tunaipenda, Kumlipa Ndiyo Shida



Hapa Kolwezi harusi haiishi bila mwanamke kuanzisha wimbo. Kilio hakikeshi bila sauti ya mama. Kampuni ya madini ikifungua shule au kisima, wanaosimama mbele ya wakubwa wakiwa wamevaa vitenge vya sare ni akina mama wa kuimba. Wakati wa kampeni za uchaguzi ndiyo usiseme. Na kanisani Jumapili, ukiondoa wanawake kwenye kwaya, kinabaki kinanda na mchungaji. Lakini mwambie mtu wa hapa akutajie wanamuziki wa mji huu: atahesabu wanaume mpaka vidole viishe, kabla hajafika kwa mwanamke hata mmoja.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni ya redio, maana yake nakula kwa sauti. Kwa hiyo jambo hili linanigusa, na leo naomba tulizungumze bila kuzungukana. Kwa maoni yangu watu wetu hawamkatazi mwanamke kuimba wala kuigiza. Wanachomkataza ni kulipwa kwa kazi hiyo.

Nilijifunza hilo nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mutu wa kazi, Gécamines, kule Luilu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ya unga ya kampuni, shule na hospitali vilevile. Wanaume walikuwa na Cercle yao, mpira wao na orkestra zao. Wake zao walikuwa na foyer, mahali pa kufundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Mama yangu alijua kushona, lakini kipawa chake kilikuwa kuimba. Mtu akifa kambini, mtoto alitumwa kumwita mama hata kabla mbao za sanduku hazijatafutwa. Aliimba usiku mzima, akarudi alfajiri sauti imekauka, akatuwashia moto tupate chai.

Kabla mimi sijazaliwa, orkestra moja ya vijana wa kazi ilimwomba aje aimbe nao kila mwisho wa mwezi, kwa malipo. Baba alikataa. Alisema: «Bibi ya mutu wa kazi haimbake mu baa.» Baba alikuwa mtu mwema, hakuwahi kumpiga mama, na kilioni alikuwa anajivuna kabisa watu wakimsifu mkewe. Mama akanyamaza, akaendelea na vilio na kwaya.

Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa 9 mwaka 1990. Miaka iliyofuata mshahara ukawa wa kubahatisha na posho ikakatika. Mama akaenda sokoni kuuza sombe na unga. Hapo sikusikia mtu akisema kwamba bibi ya mutu wa kazi hauzi sokoni. Njaa ilibadilisha maneno kuhusu biashara. Kuhusu wimbo hayakubadilika. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kama alimkasirikia baba kwa ajili ya ile orkestra. Alijibu akiendelea kuchambua sombe: «Baba yenu hakukatalaka niimbe. Alikatalaka banilipe.»

Neno hilo ndilo ninalotembea nalo mpaka leo. Mwanamke akiimba bure kilioni au kanisani, anaitwa mama mwenye moyo. Akiimba wimbo uleule mahali anapopewa bahasha, anaitwa ndumba. Sauti haikubadilika, nguo hazikubadilika, mwanamke ni yuleyule. Kilichoongezeka ni franga mkononi mwake.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Kolwezi, mji wa wachimbaji, na kwamba Kinshasa wanawake walishafika mbali. Tuwaangalie basi hao waliofika mbali.

Abeti Masikini alizaliwa Kisangani mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant, rais wa Jimbo la Mashariki, aliyeuawa mwaka 1961. Mwaka 1973, akiwa hajatimiza miaka 20, aliimba Olympia kule Paris, na mwaka uliofuata Carnegie Hall kule New York. M'Pongo Love, mzaliwa wa Boma, alipata ugonjwa wa kupooza miguu akiwa mtoto mdogo. Alisimama mbele ya watu na miguu hiyohiyo, akaunda kundi lake, akafa mwaka 1990 akiwa na miaka 33 tu. Tshala Muana, binti wa hapa kwetu Katanga, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1958 wakati mji unaitwa Elisabethville, alianza kama mcheza ngoma katika kundi la M'Pongo Love. Na Mbilia Bel, kabla hajajulikana, alipita kwanza kwa Abeti.

Tazameni nani alimfungulia nani mlango. Tukisimulia historia ya muziki wa Kongo tunasema: fulani aligunduliwa na mwanamume fulani. Ni kweli, wanaume walikuwa na magita, studio na magari. Lakini mlango wa kwanza wa Tshala na wa Mbilia ulikuwa wa mwanamke mwenzao, mwenye kundi lake mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kusema: njoo, jaribu.

Mbilia Bel aliingia Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981. Wimbo wa Mpeve ya Longo, wa mwanamke aliyeachwa na mume akabaki na watoto, ulimfanya apendwe na akina mama wengi, mpaka Kenya na Tanzania ambako Afrisa ilikwenda kupiga. Mama yangu aliupenda ingawa jina lake ni la Kikongo na yeye hakujua Kikongo. Tabu Ley alikuwa kiongozi wa orkestra, mtunzi wa nyimbo nyingi alizoimba Mbilia, na pia mume wake. Uhusiano huo ulipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke huyo alipoteza kwa pamoja ndoa, orkestra na mtunzi. Ikabidi aanze upya na mpiga gita Rigo Star kule Paris. Aliweza, na hadi leo jina lake ni kubwa. Lakini jiulizeni: mwanamume akiachana na mkewe, anapoteza pia kazi yake?

Tshala Muana alishika njia nyingine. Alikwenda Abidjan, kisha Paris, akaubeba mutuashi wa Kasai mpaka ukawa kama jina lake la pili. Mwaka 2000 aliingia katika bunge la mpito la wakati wa Laurent-Désiré Kabila, bunge lililokuwa linakaa Lubumbashi, mji aliozaliwa. Mwezi wa 11 mwaka 2020 alikamatwa Kinshasa kwa sababu ya wimbo wake Ingratitude, akaachiwa kesho yake. Alifariki tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2022. Alipokufa, wote walilia na kumwita mama wa taifa. Nilitembea na kinasa sauti changu sokoni hapa Kolwezi kukusanya maoni, na mzee mmoja akaniambia alikuwa mwanamke shujaa. Nikamuuliza: «Papa, binti yako akitaka kuwa kama yeye?» Akacheka, akaniomba nifute.

Tatizo halikuwa midomo ya watu peke yake. Lilikuwa pia kwenye karatasi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufanya tendo la kisheria linalomfunga bila ruhusa ya mume wake. Maana yake mwimbaji mwenye mume, hata akiwa nyota, alihitaji mume kukubali ndipo mkataba wake uwe na nguvu. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 sheria hiyo ilibadilishwa kwa sheria namba 16/008. Ile ruhusa ya mume iliondolewa, na sasa mume na mke wanatakiwa kusikilizana, kila mmoja kwa mwenzake. Mpaka leo nakutana na wanawake hapa wanaoniambia hawawezi kusaini kitu bila baba wa nyumba. Nikiwauliza nani amewaambia hivyo, wanasema ndiyo sheria. Ilikuwa sheria. Siyo tena.

Jambo la pili la karatasi ni haki za mtunzi. Kongo ina sheria ya haki hizo tangu mwaka 1986, na tangu mwaka 2011 kuna SOCODA inayotakiwa kukusanya na kugawa malipo. Tusidanganyane, wanamuziki wengi, wanaume kwa wanawake, wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Lakini hata siku malipo yakija vizuri, yatamfikia yule aliyeandikwa. Mtunzi ana fungu lake na mwimbaji ana fungu lake. Wanawake wetu wengi wanatunga: wimbo wa harusi, wimbo wa kwaya, wimbo wa kampeni. Nani anaandika jina lao? Wimbo unaitwa «wa kanisa fulani» au «wa kundi la mukubwa fulani».

Si Kongo peke yake iliyopitia mambo haya. Zanzibar kulikuwa na Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sahani zake zikauzwa pwani nzima na bara. Ni karibu miaka mia moja iliyopita. Jina lake tunalijua leo kwa sababu liliandikwa kwenye sahani.

Tuje kwenye sinema sasa, maana vijana wa siku hizi wanataka zaidi kuonekana kuliko kusikika.

Mwaka 2017 Kongo ilionekana sana. Kule Berlin filamu Félicité ya Alain Gomis ilipata zawadi kubwa ya majaji, na mwaka huohuo ikachukua Étalon ya dhahabu kwenye FESPACO, Ouagadougou. Ni hadithi ya mwimbaji wa baa wa Kinshasa anayetafuta pesa za kumtibu mwanawe aliyeumia katika ajali. Véro Tshanda Beya, ambaye hakuwa amewahi kucheza sinema, ndiye aliyeibeba filamu nzima. Lakini sauti inayosikika wakati Félicité anaimba ni ya Muambuyi, mwimbaji wa Kasai Allstars. Uso wa mwanamke mmoja, koo la mwanamke mwingine. Walioiona wengi wanaukumbuka uso. Mimi kama mtu wa redio nakuombeni mkumbuke pia koo, maana bila hilo hakuna Félicité.

Mwaka huohuo, kule Cannes, zawadi kubwa ya Wiki ya Wahakiki ilikwenda kwa Makala ya Emmanuel Gras. Hiyo ni yetu kabisa: mkulima anakata mti, anachoma makaa, anasukuma baiskeli iliyojaa magunia mpaka hapa Kolwezi kuuza. Watu katika filamu ile wanasema Kiswahili chetu, na barabara ni ileile tunayoijua, yenye malori yanayofunika watu vumbi. Mke anaonekana mwanzoni akipanga na mumewe hesabu za nyumba watakayojenga. Kisha safari inaanza, na yeye anabaki kijijini. Ndivyo ilivyo katika maisha, simlaumu mtengeneza filamu. Ila nilipoiona nilijiambia: lini kamera itabaki na yule mama?

Mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi ya sauti mpya kule Cannes kwa filamu Augure. Dada wa mhusika mkuu, anayeitwa Tshala, ameigizwa na Eliane Umuhire wa Rwanda, na ameigiza vizuri sana. Nami najiuliza kuhusu mabinti wetu. Shule ya taifa ya kufundisha uigizaji iko Kinshasa, na kutoka hapa kwenda Kinshasa ni ndege. Binti wa Manika au Dilala anajifunzia uigizaji wapi? Kwenye michezo ya kuchekesha inayorekodiwa kwa simu uani kwa mtu.

Michezo hiyo ni mingi sasa, na sisi tuna mizizi ya jambo hilo. Wazazi wetu walicheka na Mufwankolo na wenzake wa Lubumbashi kwenye redio na televisheni, kwa Kiswahili chetu. Jina la Mufwankolo kila mtu analo mdomoni. Majina ya wanawake waliosimama naye na kumjibu, wangapi kati yetu tunayakumbuka?

Nawafahamu mabinti kadhaa wanaocheza katika hizo video za simu. Mmoja alipewa nafasi ya mwanamke anayevunja ndoa ya jirani. Aliicheza vizuri, video ikasambaa. Wiki ileile mama mmoja alimkataza kuingia kwake kuchota maji, akisema hataki mharibu nyumba karibu na mume wake. Katika video hiyohiyo kulikuwa na kijana aliyecheza mwizi wa shaba. Yeye watu walimnunulia soda. Hakuna aliyeficha mali yake alipopita. Mwanamume akicheza ubaya, amecheza. Mwanamke akicheza ubaya, amekiri.

Na mimi mwenyewe siko mbali na haya. Nilipomaliza masomo ya uandishi wa habari, redio ya kwanza niliyoomba kazi waliniambia sauti yangu ni tamu, inafaa matangazo ya sabuni na salamu za wasikilizaji, lakini habari za migodi wangempa mwanamume kwa sababu wakubwa hawatamjibu mwanamke. Niliondoka. Sasa nafanya habari za migodi, na wanajibu. Lakini bado napigiwa simu baada ya kipindi, na swali la kwanza si kuhusu habari. Ni hili: «Mama, wewe ni bibi ya nani?»

Kuna binti mmoja wa hapa mjini, jina lake nalihifadhi, aliyeniletea shida yake mwaka huu. Ana sauti ambayo ikianza, watu wanaacha kutafuna. Mtu anayepanga sherehe alimwita atunge nyimbo tatu kwa ajili ya sherehe ya kampuni moja. Alitunga, akafundisha wenzake, akaimba mchana kutwa juani. Nilimuuliza alilipwa kiasi gani.

«Yaya, balinipatia tu franga ya transport.»

«Ulisaini kitu?»

«Hapana. Balisema tuko bandugu.»

Baadaye alijisikia mwenyewe kwenye video ya matangazo, sauti yake chini ya picha za mashine kubwa, jina hakuna. Alipokwenda kuuliza, yule mpangaji alimwambia kama anataka kazi zaidi, waonane jioni mahali ambapo si ofisi. Hakwenda. Tangu hapo hakuitwa tena.

Na siyo hilo lililomleta kwangu. Alikuja kwa sababu familia ya mchumba wake, kabla ya kuleta mahari, imetuma neno: aache kuimba nje ya kanisa. Mchumba mwenyewe anampenda, na walijuana akiwa anaimba. Sasa anaambiwa achague. Kaka yake mkubwa anasema akubali, maana mume hapatikani kila siku. Mama yake ananyamaza, kama mama yangu alivyonyamaza. Binti aliniuliza: «Yaya, ningekuwa mwalimu, bangeniomba niache kufundisha?»

Sikuwa na jibu la kumpa kuhusu mchumba, hayo ni yake na moyo wake. Kuhusu kazi nilikuwa nalo, na ndilo nawapa wengine wote.

Ukitunga wimbo, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe, ujirekodi kwenye simu, umtumie ndugu unayemwamini ili tarehe ibaki. Ukiitwa kuimba au kuigiza, omba karatasi hata ya mistari mitano: nani ananiita, siku gani, malipo kiasi gani, video itatumika wapi. Asiyetaka kuandika mistari mitano hataki kulipa. Usiende kuzungumzia kazi peke yako mahali pa kulala wageni, nenda na mtu, mchana. Pesa ichukue wewe mwenyewe, siyo kaka, siyo mkubwa wa kundi. Na kama umeolewa, jua kwamba mume wako ni wa kusikilizana naye, si wa kukutolea kibali.

Kwa wazazi na wachumba nina ombi dogo. Mkiwa kwenye harusi na mnacheza mpaka jasho linatoka, mtazameni anayeimba na mfikirie kwamba ana kodi ya nyumba. Kwa wachungaji: mwimbaji akienda na kwaya mpaka Likasi au Lubumbashi siku tatu, ameacha biashara yake siku tatu. Baraka ni nzuri, na nauli na chakula ni vizuri pia. Kwa wapanga sherehe wa kampuni: mnamlipa mwenye hema, mwenye viti, mwenye jenereta. Mwenye sauti naye amekuja na chombo chake.

Na sisi wa redio tuna sehemu yetu. Tunapiga wimbo, tunasema «huo ulikuwa wimbo mzuri», tunaendelea na taarifa za barabara. Katika kipindi changu nimeanza kutaja kila mara jina la anayeimba na jina la aliyetunga, hata kama ni wa kwaya ya mtaani. Wiki ya kwanza mama mmoja wa Kapata alinipigia simu. Alisema ametunga nyimbo kwa muda wa miaka ishirini na hajawahi kusikia jina lake likisemwa hewani. Aliniomba nirudie, mjukuu wake hakuwa amesikia. Nilirudia.

Kwa hiyo akina mama na mabinti wa Kolwezi, Fungurume, Kasaji, Dilolo na kwingine, mnaoimba au mnaocheza katika video: leteni majina ya kazi zenu na majina yenu kamili. Tutaandika orodha, tutaisoma hewani na tutaiweka hapa. Wanaume waliotungiwa nyimbo na wake zao wakazisaini wao, nao wanakaribishwa kuleta majina ya kweli. Tusikilizane wiki ijayo.